Dawa za maumivu na kuvuja damu baada ya upasuaji wa kupunguza matiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi hapa chini huulizwa saa nane za usiku. Ganzi imeisha, nyumba nzima imelala, na mgonjwa ameketi kitandani na kidonge mkononi, hajui akimeze au akirudishe kwenye paketi. Majibu ni kwa mtu mzima ambaye afya yake nyingine ni nzuri. Yakigongana na maagizo ya daktari aliyekupasua, fuata ya daktari. Yeye ndiye aliyeiona mishipa yako.

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani jana. Nimeze nini bila hofu ya kuvuja damu?

Parasetamoli. Panadol ni mojawapo tu ya majina ya biashara ya dawa hiyohiyo. Kwa dozi ya kawaida haiingilii kuganda kwa damu, ndiyo maana wapasuaji wengi huanza nayo. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini zima humeza gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na isizidi gramu 4 katika saa 24. Mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au mazoea ya pombe nyingi apangiwe dozi yake.

Wengi huidharau. "Panadol itafanya nini kwenye mshono mrefu hivi?" Itafanya mengi ukiimeza kwa saa. Ukingoja maumivu yapande ndipo uanze kutafuta kidonge, kitachukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, na muda wote huo unaumia. Siku mbili tatu za kwanza tega kengele ya simu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kila dozi iandike kwenye karatasi, kwa sababu ulevi wa dawa za usingizi humfanya mtu asijue kama alimeza kweli au aliota amemeza.

Kwani ibuprofeni na aspirini zinafanya nini kwenye damu?

Mshipa ukikatwa, chembe sahani za damu hukimbilia pale palipokatika na kushikamana, zikatengeneza kizibo cha kwanza. Ili ziitane, hutoa kemikali iitwayo thromboksani, na haziwezi kuitengeneza bila kimeng'enya kinachojulikana kama COX-1. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao hukizuia kimeng'enya hicho. Maumivu na uvimbe nazo huzipunguza kwa kuzuia vimeng'enya vya familia hiyohiyo bila kubagua, kwa hiyo kwa dawa hizi huwezi kuchukua faida ukaacha hasara. Siri hii ilifichuliwa mwaka 1971 na John Vane, mtafiti wa Uingereza, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Zinatofautiana kwa muda. Aspirini hukiharibu kimeng'enya moja kwa moja, na chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza kingine. Itabaki butu hadi ife, na maisha yake ni siku 7 hadi 10. Kila siku mwili huingiza chembe mpya kiasi cha sehemu moja ya kumi, basi hali hurudi polepole. Daktari akikuuliza juu ya kidonge kimoja cha aspirini ulichomeza wiki iliyopita kwa ajili ya kichwa, hana uchokozi. Anapiga hesabu ya chembe hizo.

Ibuprofeni hushika na kuachia. Kwa kawaida saa 24 baada ya dozi ya mwisho chembe sahani zimerudi kazini. Naproxeni hukaa mwilini zaidi, hivyo huhesabiwa siku mbili tatu.

Mbona mwenzangu alipewa ibuprofeni siku ileile, na mimi nimekatazwa kabisa?

Wote wawili wanaweza kuwa na madaktari wazuri. Jambo hili wapasuaji hawajakubaliana. Tafiti za ibuprofeni katika upasuaji wa urembo na urekebishaji, zilipokusanywa na kuangaliwa pamoja, hazikuonyesha wazi kwamba inaongeza kuvuja damu. Ketorolaki, ambayo mara nyingi hutolewa kwa sindano hospitalini, ina sifa mbaya zaidi: kwa upasuaji huuhuu wa kupunguza matiti kumewahi kuripotiwa kwamba waliochomwa walirudi chumba cha upasuaji kwa ajili ya damu zaidi ya wasiochomwa, ingawa tafiti nyingine za ketorolaki hazikuona tofauti hiyo.

Kwa hiyo mmoja anasema faida inazidi hatari, mwingine anasema titi ni nyama laini yenye mishipa mingi na nafasi kubwa ya damu kujificha, ngoja kwanza siku chache. Mimi niko upande wa anayengoja, hasa saa 48 za kwanza, kwa kuwa dawa nyingine zipo. Lakini aliyeandikiwa ibuprofeni na mpasuaji wake asiitupe kwa sababu ya maneno yangu.

Ipo pia selekoksibu. Hii huzuia kimeng'enya kingine, COX-2, ambacho chembe sahani hazikitegemei, hivyo haizifanyi butu. Madaktari kadhaa huipendelea kwa sababu hiyo. Haimfai kila mtu: mwenye ugonjwa wa moyo, figo au aliyewahi kupata kiharusi aseme mapema.

Nikivumilia bila dawa yoyote, si ndiyo salama zaidi?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona kwa wanawake jasiri. Maumivu hupandisha presha, na presha ikipanda husukuma damu kwenye mishipa iliyofungwa jana.

Fikiria kilichofanyika mezani. Wapasuaji wengi hudunga titi maji yenye ganzi na adrenalini kabla ya kukata. Adrenalini huibana mishipa midogo, kidonda kinakuwa kikavu, kila kitu kinaonekana. Baada ya saa kadhaa inaisha nguvu, mishipa inafunguka tena. Karibu wakati huohuo ganzi nayo inaisha na maumivu yanaingia kwa kishindo. Presha inapanda, mishipa imefunguka: kama kuna mmoja ambao haukufungwa sawasawa, huu ndio wakati utajitambulisha. Usiku wa kwanza si wa kupima ujasiri.

Yapo mambo mengine yanayopandisha presha ya ghafla kifuani: kutapika, kukohoa kwa nguvu, kujikamua chooni, kunyanyua mtoto au ndoo. Mwenye ugonjwa wa presha aulize mapema ni lini arudie vidonge vyake. Kuna wanaovisahau siku tatu kwa sababu akili yote iko kwenye mshono. Na dawa ya kuzuia kichefuchefu uliyopewa, imeze. Wengi huiona kama nyongeza isiyo na kazi, kumbe ni sehemu ya kuzuia damu.

Tramadoli, kodeini au mofini huongeza kuvuja damu?

Hazigusi kuganda kwa damu. Matatizo yake ni mengine: usingizi, kichefuchefu, kizunguzungu na kufunga choo. Unapoziona kwenye orodha yako, tarajia kwamba zimekusudiwa kwa siku chache za mwanzo, pale parasetamoli peke yake inapozidiwa. Zianze kwa dozi ndogo iliyoandikwa, usiendeshe gari, usichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, na choo kishughulikiwe tangu siku ya kwanza kwa maji, matunda na dawa ya kulainisha kama umepewa.

Angalia paketi ya kodeini au tramadoli kama imechanganywa na parasetamoli ndani yake. Zipo nyingi za namna hiyo, na ukiongeza Panadol juu yake unavuka gramu 4 bila kujua. Mwenye kifafa aseme kabla ya kupewa tramadoli. Anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli bila kumwambia daktari, kwa kuwa baadhi ya wanawake miili yao huzigeuza haraka mno na mtoto hupata kiasi cha hatari kupitia maziwa.

Hematoma ni nini hasa?

Ni damu iliyovuja ikajikusanya ndani ya titi, chini ya ngozi iliyoshonwa. Huwapata wachache, mmoja hadi kadhaa kwa kila wanawake 100, na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza. Kuna zinazochelewa wiki moja au mbili, kwa kawaida baada ya mtu kujiona amepona akaanza kufua.

Ndogo hufyonzwa na mwili yenyewe. Kubwa hubana: huvuta mshono, huumiza, na inaweza kukandamiza mishipa inayolisha chuchu, ambayo tayari imehamishwa mahali pake na inaishi kwa damu ya kubahatisha. Hiyo haisubiri kesho. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, damu iliyoganda inatolewa, mshipa unatafutwa na kufungwa.

Nitaitofautishaje na uvimbe wa kawaida?

Kwa kulinganisha. Uvimbe wa kawaida uko pande zote mbili, unakua taratibu na kupungua taratibu. Hematoma hupenda upande mmoja.

Simama mbele ya kioo, mtu mwingine akiwa karibu nawe, sidiria ya upasuaji ikiwa imefunguliwa kama umeruhusiwa. Tazama matiti yote mawili kwa mkupuo. Je, moja limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa asubuhi? Liguswe kwa nje, mbali na mshono: titi lenye uvimbe wa kawaida hubonyea kidogo kama unga uliokandwa, lenye damu iliyojaa huwa gumu na limevutika, ngozi inang'aa. Kama damu imevilia chini ya ngozi, chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wake, andika saa. Baada ya saa moja angalia tena. Alama iliyobaki ndani ya mstari inakupa nafasi ya kupumua, ingawa titi lililokaza halingoji mstari wako. Iliyovuka upesi inakupa sababu ya kupiga simu.

Piga simu au nenda hospitali mara moja ukiona titi moja linavimba haraka au kukaza. Maumivu ya upande mmoja yanayopanda ingawa umemeza dawa. Chuchu kugeuka kuwa ya zambarau, nyeusi au kupauka kuliko mwenzake. Damu nyekundu mbichi inayolowesha bandeji moja baada ya nyingine. Au moyo kwenda mbio, jasho jembamba na kuishiwa nguvu. Kwa ngozi nyeusi sana rangi hudanganya, hivyo tegemea zaidi ugumu, ukubwa na ulinganisho wa chuchu mbili.

Majimaji mekundu mepesi kwenye pamba siku za kwanza ni ya kawaida. Rangi ya kijani na njano inayoteremka kuelekea mbavuni wiki ya pili ni damu ya zamani inayosafishwa.

Nikishuku hematoma, nimeze dawa gani nikiwa njiani?

Usimeze kitu, usile, usinywe chai ya kutuliza moyo. Huenda ukapewa dawa ya usingizi upya, na tumbo lililojaa ni hatari kwa usingizi huo. Chukua ile karatasi yako ya dozi uende nayo.

Nina mirija ya kutolea damu. Basi siwezi kupata hematoma?

Unaweza. Mrija huziba, na damu iliyoganda haipiti humo. Tafiti zilizolinganisha wenye mirija na wasio nayo baada ya kupunguza matiti hazikuona kwamba inazuia hematoma, ndiyo maana wapasuaji wengi wameiacha. Ukiwa nayo, chupa ikijaa ghafla kwa damu mbichi, au ikiacha ghafla kutoa chochote huku titi linavimba, toa taarifa.

Ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda: aspirini ya moyo, klopidogreli au wafarini. Niache mwenyewe kabla ya upasuaji?

Usiache mwenyewe hata siku moja. Mtu aliyewekewa kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo akiacha dawa zake ghafla, kijibomba kinaweza kuziba. Uamuzi huu ni wa watu wawili, daktari wa moyo na mpasuaji, na mara nyingine matokeo yake ni kuahirisha upasuaji. Kupunguza matiti kunaweza kungoja.

Kwa anayetumia wafarini kuna jambo linalosahaulika: hata parasetamoli ya dozi kamili kwa siku kadhaa mfululizo inaweza kuiongezea wafarini nguvu. Tramadoli vilevile. Haina maana usimeze; ina maana kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe mapema kuliko ilivyopangwa.

Nimeambiwa nisitumie aspirini kwa sababu ya damu, halafu nachomwa sindano ya tumboni ya kufanya damu isigande. Hawa watu wanajua wanalofanya?

Wanajua. Baada ya upasuaji mrefu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, ikasafiri hadi mapafuni na kuua. Kwa wenye hatari kubwa zaidi, kwa mfano wenye uzito mkubwa, wanaotumia homoni au waliowahi kuganda damu, daktari hupima hatari mbili na kuchagua kuchoma enoksaparini kwa dozi ndogo. Mizani hiyo imewekwa kwa uangalifu. Ukiongeza diklofenaki uliyoikuta kabatini, umeweka kidole juu ya mizani. Na tembea: hatua chache kila baada ya saa moja au mbili za mchana husaidia miguu.

Siku zangu zimeingia, na chango huwa siliwezi bila Brufen.

Hedhi kuja kabla ya tarehe baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, na ndipo wengi huteleza, maana mkono unakwenda wenyewe kwenye dawa ya kila mwezi. Brufen ni ibuprofeni. Ponstan ni asidi ya mefenamiki, wa familia ileile. Endelea na parasetamoli yako ya saa, weka chupa ya maji ya moto tumboni, mbali kabisa na kifua, na umuulize daktari kuhusu dawa ya kulegeza misuli ya tumbo kama Buscopan. Ila soma paketi, kuna Buscopan iliyochanganywa na parasetamoli.

Kama hedhi zako siku zote ni nzito kupita kiasi, au ulipong'olewa jino damu ilikataa kukata, sema kabla ya kupasuliwa. Kuna magonjwa ya kuganda kwa damu ambayo hugunduliwa kwa swali hilo tu.

Na dawa za mafua?

Geuza paketi. Mbele kuna picha ya limau na neno "mafua", nyuma kwa herufi za kusumbua macho kuna orodha. Tafuta aspirini, ambayo wakati mwingine huandikwa kwa jina lake refu la asidi ya asetilisalisiliki, na ibuprofeni. Kisha tafuta parasetamoli, kwa sababu ya hesabu ya gramu 4. Baadhi zina pia dawa ya kufungua pua inayopandisha presha. Dawa ya tumbo yenye salisileti nayo ni jamaa wa aspirini. Usipoelewa kilichoandikwa, ipige picha umtumie mfamasia, au iache.

Kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mafuta ya samaki?

Kwenye chakula, kula. Vidonge na matone yaliyokolezwa ya kitunguu saumu, ginkgo, ginseng, vitamini E na mafuta ya samaki ndivyo wapasuaji husema viachwe, mara nyingi wiki mbili kabla. Ushahidi hauko sawa kwa vyote. Kwa mafuta ya samaki ni dhaifu. Lakini hakuna anayeumia kwa kukosa kidonge cha kitunguu saumu wiki mbili. Dawa za mitishamba zilizochanganywa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mara nyingine huongezwa kidawa cha maumivu cha dukani bila kuandikwa popote.

Natumia dawa ya sonona.

Fluoksetini, setralini na za aina yake hupunguza kidogo uwezo wa chembe sahani kushikamana, na zikikutana na ibuprofeni hatari huongezeka. Zikikutana na tramadoli zinaweza kuleta tatizo jingine la kuzidi kwa serotonini: kutetemeka, joto, kuchanganyikiwa. Usiziache ghafla. Mwambie daktari akuchagulie dawa nyingine ya maumivu.

Jeli ya Voltaren, barafu, kitambaa cha moto?

Jeli hiyo ni diklofenaki: si karibu na mshono. Ukiipaka mgongoni kwa uchovu wa kulala chali, kinachoingia kwenye damu ni sehemu ndogo tu, lakini uliza kwanza.

Barafu inatuliza, ikifungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, pembeni na chini ya kwapa, kamwe si juu ya chuchu. Ngozi ya titi baada ya upasuaji haina hisia kamili. Inaweza kuungua kwa baridi nawe huna habari. Joto ndilo baya zaidi: hufungua mishipa, na kwa ngozi ileile isiyohisi huacha malengelenge.

Kuna dawa ya kuzuia damu isitoke?

Ipo asidi ya traneksamiki, iliyotangazwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Hairuhusu damu iliyoganda kuyeyuka upesi. Nchini Norwe walifanya jaribio zuri, lililochapishwa mwaka 2015, kwa wanawake waliopunguzwa matiti: titi moja lililoweshwa dawa hiyo, la pili maji ya chumvi, mgonjwa akawa kipimo chake mwenyewe. Titi lenye dawa lilitoa majimaji pungufu kwa 39% kwenye mrija. Baadhi ya wapasuaji sasa huitumia katika chumba cha upasuaji. Usiinunue ukaimeza nyumbani. Kwa mwenye historia ya damu kuganda miguuni inaweza kuleta balaa.

Lini nitarudi kwenye ibuprofeni?

Wengine husema baada ya saa 48 au 72, wengine wiki moja, wengine mbili. Muulize wako, upate tarehe. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayoamshwa na dawa hizi huenda hana haja ya kurudi kabisa.

Ni wiki ya tatu, nachomwa ghafla kama umeme kwenye chuchu halafu inaacha. Damu?

Neva hizo, zinaamka. Zinaweza kuendelea kwa miezi, sekunde chache kila mara. Titi halijavimba, halijakaza, rangi ni ileile? Kanda taratibu kwa kiganja juu ya sidiria, uendelee na shughuli zako.